Wino Mwekundu wa Shangazi

4 Februari

Mwanangu,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana kwenye barua huwa unasahau. Huku tuko wazima wa kuzeeka. Bibi yako siku hizi anasikia anachotaka: ukimwita kunywa dawa ni kiziwi, ukifungua mfuko wa sukari chumba cha pili anauliza nani huyo. Kaka yangu, yaani baba yako, bado anaahidi kuziba paa. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio.

Sasa kazi. Karatasi zako nilizipata kwa Posta, dereva wa lori la kiwanda, zikiwa na alama ya grisi lakini zinasomeka. Nilizisomea ghalani juu ya magunia ya unga, kwa kuwa feni ya ofisini inapeperusha kila kitu. Na usiniulize tena kwa nini nataka karatasi wakati simu ipo. Simu ni ya salamu na misiba. Programu ikiwa kwenye skrini imevaa rangi rangi, mtu unadanganyika. Kwenye karatasi imevuliwa, kila kovu unaliona.

Zoezi lilikutaka utafute namba zilizojirudia. Wewe umeshika kila namba ukailinganisha na kila nyingine. Kwa namba kumi ulizojaribia, jibu linatoka kabla hujakohoa. Hapa tuna magunia elfu arobaini, kila moja na namba yake. Elfu arobaini zidisha kwa nusu yake: milioni mia nane za kulinganisha, kulitafuta gunia moja lililoandikwa mara mbili! Na kompyuta yetu hii, ambayo ikiwaka tu tunaipongeza, mteja atakuwa ameota mizizi mlangoni. Weka kumbukumbu ya namba ulizokwisha kuziona, upite orodha mara moja.

Mstari wa tisa kuna kitu umekiita "x". X ni nani? Mtoto wa nani? Kila kitu kina kazi, kipe jina la kazi yake.

Neno "vizuri" sijaliandika popote, usilitafute. Mimi nilijifunzia kitabu ambacho wahasibu walikitupa, sura ya kwanza imechanika yote, na hakuna aliyenisimamia nyuma akaniambia vizuri. Kompyuta yenyewe hailijui neno hilo. Hiyo kampuni unayoitamani ikikupa mtihani, nayo hailijui.

Rekebisha, nirudishie.

Shangazi yako

19 Februari

Shikamoo Shangazi,

Safari hii sijasahau. Mimi mzima. Duka la kutengeneza simu ni lile lile, nashika bisibisi asubuhi mpaka alasiri, na mwenye duka bado anaita kila kifaa "kidude" halafu anakasirika nikimletea kidude kingine. Mwambie Bibi nimempata mtu wa kunipikia chai, ni jiko.

Wino wako nimeupata. Nilipofungua bahasha, ninayeishi naye chumba kimoja alidhani nimetumiwa karatasi iliyofungia nyama. Nikarekebisha. Sasa inapita mara moja tu, na x amepata jina, ubatizo umeshafanyika.

Nikwambie lililonipata kwenye kikundi. Tuko sita, tunakutana ghorofani juu ya fundi cherehani, kila mtu anafanya zoezi halafu mwenzake analitolea maoni. Wana sharti: kabla hujagusa kosa, sema kwanza kwa maneno yako programu hii inajaribu kufanya nini. Mimi nilipopewa kazi ya dada mmoja, nikaanza kwa mtindo wetu: "Hili ni nini? Nani amekutuma?" Cherehani chini ikasikika. Yule dada akaniuliza taratibu, "Samahani, kwenu mnaongeaje?" Nikamjibu, "Hivi hivi."

Halafu wakacheka kitu chako kingine. Kompyuta inahesabu nafasi kuanzia sifuri, mimi ile ya sifuri naiacha tupu, naanza kupanga kuanzia moja kama ulivyonifundisha. Wakauliza hiyo nafasi umemwachia nani. Nikasema ni kiti cha mgeni, kwetu hatukikalii. Wamekipenda hicho kiti, lakini wamenikataza nisije nacho tena. Nimekiacha, usinune.

Mbona husemi habari za kazini kwako? Baba anasema mmepata bosi mpya.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Nimechelewa kujibu. Posta lori lake lilikuwa juu ya mawe, na mimi pia nilikuwa na mambo. Bibi yako ameanguka bafuni ila hakuvunjika, kilichovunjika ni ndoo. Baba yako amenunua bati moja. Paa linahitaji manne.

Kiti cha mgeni kicheke utakavyo. Sura ya kwanza ilichanika, nilikuja kukutana na sifuri baada ya kuumia nayo, na mtu aliyeumwa na nyuki hapandi tena kwenye mzinga. Nikaiachia nafasi yake, yakaisha. Programu ya ghala niliyoiandika hivyo haijawahi kupoteza gunia.

Bosi mpya tunaye, mkuu wa mifumo. Kijana safi, viatu havishiki unga, sijui anakanyaga wapi. Amesema kila anayegusa programu pale kiwandani atafanya mtihani wa mazoezi kama hayo yenu. Wa kupita ataendelea, wa kushindwa ataondolewa kwenye kompyuta apangiwe kazi nyingine. Yuko mwenzangu mmoja mtu mzima, ametumika miaka mingi, ana wasiwasi. Kaniomba nimchambulie mazoezi yake. Nimekataa, tunakula meza moja, nitamtazamaje? Nikasema ninaye mtoto wa kaka yangu, huyo hamjui na hatamwonea haya.

Karatasi yake nimeiambatanisha. Zoezi ni kupanga zamu ya malori ya kupakua. Mchambue kama ninavyokuchambua wewe. Nyekundu, na usimpake mafuta.

Shangazi

20 Machi

Shikamoo Shangazi,

Pole ya Bibi, na pole ya ndoo. Mimi sijambo, ila kidole kimeungua kwa risasi ya kuunganishia waya.

Nimemsoma mwenzako. Umesema nisimpake mafuta, haya.

Shangazi, huyu mtu alijifunzia wapi, gizani? Kuna "kama" ndani ya "kama" ndani ya "kama", nimeshuka ngazi saba mpaka nikahofia hewa itaniishia. Kila lori lina sharti lake. Lenye magunia yaliyolowa, lenye dereva mgeni, lililokuja bila karatasi. Huwezi kuandika programu kama mtu anayesimulia majirani. Lori ni lori. Lipe namba ya uzito wa haraka yake, upange kwa namba, basi, mistari sitini inakuwa kumi na miwili.

Tena anahesabu kitu kile kile mara tatu, kama mtu anayetafuta ufunguo alioufunga shingoni. Na mahali pamoja anaanza kuhesabu kwa sifuri, mahali pengine moja, kama aliyevaa kiatu cha mwenzake.

Kwa kazi hii hapiti. Mwambie kama ni kustaafu, astaafu kwa heshima. (Hilo la mwisho usimwambie.)

Wino wangu umeuonaje? Mwanafunzi wako nimeiva au bado?

Mwanao

14 Aprili

Mwanangu,

Bibi yako hajambo. Baba yako hajambo. Goti ni lile lile.

Mwenzangu kasoma. Aliikunja karatasi akaitia mfukoni mwa koti la kazi, akarudi kuhesabu mzigo wa jioni.

Lakini nikusahihishe jambo moja kwa niaba yake. Hizo "kama" saba zina watu ndani. Gunia lililolowa lisiposhushwa kwanza linaoza, na mwenye gunia ni mjane mwenye duka dogo pale kituo cha pili. Dereva mgeni asiposhughulikiwa mapema anaegesha mlangoni anawazibia wote. Kila "kama" iliingia siku mtu alipolia mbele ya dirisha la ofisi. Sasa wewe unasema lori ni lori.

Hata hivyo mistari kumi na miwili ni kumi na miwili. Kaandika upya kwa njia yako na inafanya kazi.

Hii hapa karatasi ya pili. Zoezi: umepewa orodha ya mizigo, taja ulio mzito kuliko yote. Rahisi, lakini anataka uhakika. Mtihani ni tarehe kumi na saba mwezi ujao. Mazoezi manne, na ukikwama kwenye jaribio moja tu la zoezi, zoezi zima limekufa. Anayetaka kubaki apite matatu.

Shangazi

23 Aprili

Shikamoo Shangazi yangu,

Vipi goti? Je, unalikanda kwa maji ya moto? Usisimame sana hapo ghalani, mwombe mtu akuletee kiti.

Nimeisoma karatasi ya mwenzako, nimeirudia mara kadhaa. Programu hii inashika mzigo wa kwanza, inauita mzito, halafu inatembea na orodha na kila ikikutana na mzito zaidi inabadilisha. Ni safi. Majina yako wazi, kila kitu kinaitwa kwa kazi yake. Nimeona pia ameiacha ile nafasi ya sifuri tupu, anaanzia moja. Ni mtindo wa watu wachache sana.

Mwambie nilikuwa mkali kupita kiasi mwezi uliopita. Nilikuwa nimeungua kidole. Mwambie mtu aliyeendesha ghala zima kwa programu aliyoiandika mwenyewe hana cha kuogopa kwa mazoezi ya kuchezea. Kuna jambo dogo hapo juu, mstari wa pili, lakini si la kumkosesha usingizi.

Vizuri sana. Mwambie hivyo, nimesema vizuri sana.

Mwanao mpenzi

5 Mei

Mwanangu,

Tuko salama. Bibi yako ameuliza kama umeoa, nikamwambia bado, akasema basi na aharakishe maana yeye hana siku za kupoteza. Bati la pili limenunuliwa.

Barua yako imenichosha. Nimekulea kwa nyekundu, wewe unaniletea sukari. Mwenzangu ameisoma akaniuliza, "Huyu mtoto wa kaka yako anaumwa?" Umeandika vizuri sana. Nani alikufundisha neno hilo? Maoni yenye asali ndani yake mtu hajui ale asali au atafute nyuki.

Jambo gani hilo dogo? Mstari wa pili una nini? Sema. Kama ni kosa, liite kosa. Posta anapita kwenu Ijumaa, na Jumatatu anakuwa huku. Kuna muda wa kutosha.

Shangazi

26 Mei

Mwanangu,

Salamu za Bibi yako, na za baba yako, ambaye kaniambia jambo ambalo wewe hukuniambia: kwamba mtihani wako uliufanya mwezi wa nne na ukapita, na kampuni inakungoja mwezi wa saba. Hongera. Nimefurahi, na ningefurahi zaidi kama ningeipata habari kwako.

Ijumaa ile Posta hakupewa bahasha. Alisema alikungoja dukani ukatoka nyuma. Halafu jioni ya tarehe kumi na sita ukapiga simu. Ukauliza goti. Ukauliza Bibi amekula nini. Ukauliza kama mvua inanyesha, na mimi nikakujibu habari za mvua kama mtangazaji wa redio. Tukaagana.

Mwenzangu hayupo, mwanangu. Hakuwahi kuwepo. Nadhani hilo unalijua tangu ulipokiona kiti.

Niliwekwa chumba cha mikutano pamoja na vijana wawili wa hesabu. Mazoezi manne. La kwanza nikapita. La pili nikapita, tena ni lile la kupanga zamu, nikaandika kwa mistari yako kumi na miwili. La tatu lilikuwa la mafumbo ya njia, lilinishinda kwa haki, sina la kulalamika. La nne, mzigo mzito kuliko yote. Lile lile! Nikacheka moyoni. Nikaandika kama nilivyokuandikia wewe, na kiti changu cha mgeni. Mtoto wa kaka yangu kasema vizuri sana.

Likakwama kwenye jaribio la mwisho. Yule mkuu akageuza skrini yake nione, wala hakuwa na dharau, ndilo lililoniuma. Akasema, "Mama, hapa orodha haina kitu. Siku ambayo hakuna mzigo uliokuja." Programu yangu ilikwenda moja kwa moja kuchukua mzigo wa kwanza, na mzigo wa kwanza haupo. Nikamwambia, "Siku isiyo na mzigo ghala hatufungui." Akasema, "Naelewa. Lakini kompyuta inafunguliwa." Miaka yote nimeiandikia sifuri kiti na sikuwahi kuiandikia siku tupu.

Mstari wa pili. Ndipo palipokosewa, mstari wa pili.

Uliliona?

Shangazi

3 Juni

Shikamoo Shangazi,

Sina habari za nyumbani za kutanguliza.

Nililiona. Nililiona siku ile ile, kabla sijamaliza karatasi, na kalamu nyekundu nilikuwa nimeishika. Ndipo nikaona nafasi ya sifuri ilivyoachwa, nikajua ni wewe. Nikajua na ile ya kwanza ilikuwa yako, na kwamba mimi ndiye niliyeandika astaafu kwa heshima. Nikaona aibu ya kukuongezea kosa juu ya hayo. Nikafunika kalamu.

Nikawa najiambia hawatatoa orodha tupu, ni zoezi la watoto. Kwenye kikundi huwa tunajaribu orodha tupu kwanza kabisa, kabla ya chochote. Nilijua. Posta nilimkimbia. Na simu ile nilikuwa nimeipiga kwa ajili ya hilo. Nilikuwa nayo sentensi mdomoni, fupi tu, "Je, orodha ikiwa tupu?" Lakini ningeisema, ungejua kwamba najua. Wewe ukasema goti linauma kidogo, mimi nikasema pole.

Mtihani wangu sikukuambia kwa sababu hiyo hiyo. Ningeandikaje nimepita, kwa barua inayokwenda kwa mtu ambaye bado anangoja wake?

Nilidhani nakuonea huruma. Sasa hivi nahesabu, naona nilijionea mimi.

Umepangiwa kazi gani?

Mwanao

28 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Bibi yako amepata meno mapya, amekataa kuyavaa, anasema yana sauti. Bati la tatu limefika. Baba yako sasa anasema la nne linaweza kusubiri kwa kuwa mvua zimepungua, na ukimsikiliza utadhani yeye ndiye aliyezipunguza.

Nimewekwa kwenye mizani, mlangoni. Lori linaingia, nalipima, linatoka, nalipima, natoa uzito mdogo kwenye mkubwa. Kazi ya kutoa. Kompyuta naiona kwa dirisha, amekaa mmoja wa wale vijana wa hesabu, mpole, kila mara anatoka kuniuliza "kama" hii ya programu ya ghala ni ya nini na hii ni ya nani. Namwambia ya mjane, hiyo usiifute. Jua linanipata kuanzia saa nne. Nimechoka, sitakuficha, na sitakwambia ni goti tu.

Barua yako nimeisoma, sikuijibu haraka kwa kuwa nilikuwa na hasira ya aina mbili na sikujua nianze na ipi. Moja ni yako, na unaijua. Nyingine ni hii: nilikunyima "vizuri" tangu ulipoanza kuandika mstari wa kwanza, mpaka siku ulipotaka kunipa upendo hukuwa na namna nyingine ila kunificha kosa. Hukujua kwamba mtu anaweza kupewa vyote viwili kwenye karatasi moja. Mimi pia sikujua. Hao wenzako wa juu ya fundi cherehani wanajua, wasalimie. Yule dada mwambie kwetu tunajifunza kuongea.

Mtihani unarudiwa mwezi wa tisa. Yule mkuu kasema mwenyewe, sikumwomba. Nimekutumia karatasi tatu, zote zangu, juu nimeandika "Shangazi" kwa herufi kubwa ili usipate pa kujificha. Lile la njia bado linanishinda, nionyeshe nilipopotea. Anza kwa kusema ninajaribu kufanya nini, kama wafanyavyo wenzako. Kisha nichane.

Ndani ya bahasha kuna kalamu yangu nyekundu. Wino umebaki kidogo, usiumalizie kwenye salamu.

Mstari wa pili nimeuandika upya, sasa unauliza kwanza kama kuna kitu. Na kiti cha mgeni nimekiondoa. Mgeni akija atakaa chini na sisi.

Shangazi yako